Kura na Afya: Wajibu Wetu Mbele ya Mlango wa Kituo Wakati wa Maradhi ya Mlipuko



Katika mikutano ya usalama ambayo polisi na wananchi hukaa pamoja, kuna swali ambalo limekuwa likirudi kila uchaguzi unapokaribia. Mara huliuliza mama muuza ndagala, mara mvuvi, mara mwalimu. Nalo ni hili: "Afande, siku ya kura mtu akifika ana homa, au ana vipele mwilini, au ametoka katika nyumba yenye mgonjwa wa kipindupindu, mtamrudisha?"

Swali hili lina uzito. Anayeliuliza anahofia mambo mawili kwa pamoja: anaogopa kuambukizwa akiwa katika mstari, na anaogopa kunyimwa haki yake iwapo yeye ndiye atakayekuwa mgonjwa. Makala hii inakusudia kulijibu kwa urefu, ili uchaguzi wa rais wa mwaka 2027 utukute tukiwa na jibu moja, sisi polisi na ninyi wananchi.

Naanza na jambo nililolishuhudia. Asubuhi ya tarehe 20 Mei 2020, katika kituo kimoja cha mwambao wetu, watu walikuwa wamejipanga katika uwanja wa shule. Mzee mmoja, mkongojo mkononi, alikohoa mara mbili tatu. Waliokuwa mbele na nyuma yake wakatawanyika, na kijana mmoja akapaza sauti kwamba mzee yule aondolewe. Askari mchanga akamwendea akamwambia, "Mzee wangu, rudi nyumbani, utawaambukiza watu." Mzee akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nimetoka kwangu saa kumi alfajiri, kwa miguu. Ukinirudisha, nani atanipigia kura yangu?"

Askari yule hakuwa na jibu, na si kosa lake peke yake: hakuna aliyekuwa amempa jibu kabla ya siku ile. Mwishowe mwenyekiti wa kituo alitoka nje, akaagiza mzee awekewe kiti chini ya mwembe, mbali na watu. Chumba kilipopata nafasi aliitwa, akanawa mikono, akapiga kura, akaondoka. Jambo lote halikuchukua dakika kumi. Dakika hizo kumi ndizo somo la makala hii: ugonjwa haumwondolei raia kura yake, hubadilisha tu njia anayopitia mpaka kulifikia sanduku. Kazi yetu ni kuitengeneza njia hiyo mapema.

Tulikopita

Burundi ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza wa KOVIDI-19 tarehe 31 Machi 2020. Wiki saba baadaye, tarehe 20 Mei, raia waliitwa kumchagua rais, wabunge na madiwani wa komini kwa siku moja. Kampeni zilifunguliwa tarehe 27 Aprili na kufungwa tarehe 17 Mei. Wakati wa kupiga kura, wagonjwa waliokuwa wamethibitishwa nchini walikuwa hawajafika 50. Idadi hiyo ndogo iliwafanya wengi waone kwamba hatari iko mbali. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa katika milango ya baadhi ya vituo na viwanja vya mikutano, lakini watu walisimama wakigusana mabega kama siku yoyote ya soko.

Wengine nao hatari hiyo iliwazuia kabisa. Waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuja, kwa kuwa wageni wote walitakiwa kukaa karantini siku 14 kwanza, na muda haukutosha. Baada ya uchaguzi, tarehe 30 Juni 2020, rais mpya, Mheshimiwa Évariste Ndayishimiye, aliutangaza ugonjwa huo kuwa adui mkubwa wa nchi. Bei ya sabuni ya bluu ikapunguzwa, na mwezi Julai kampeni ya upimaji ikaanzishwa. Hatua hizo zilipokewa kwa furaha. Kwetu sisi tulioshika zamu siku ya kura, zilitukumbusha kwamba maandalizi ya afya yanafaa zaidi yakitangulia mkusanyiko kuliko yakiufuata.

Miaka mitano baadaye tulijikuta tena katika hali iliyofanana. Tarehe 25 Julai 2024 nchi yetu ilitangaza mlipuko wa mpox, ambao wengi huuita homa ya nyani, na tarehe 14 Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa dharura ya kimataifa. Dharura hiyo iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025. Maana yake ni kwamba uchaguzi wa wabunge na madiwani wa tarehe 5 Juni 2025 ulifanyika dharura ikiwa ingali inaendelea, na maelfu ya Warundi wakiwa wameshaugua. Kipindupindu nacho hakihitaji utambulisho katika pwani hii. Kimekuwa kikirudi katika nchi za Maziwa Makuu karibu kila mwaka tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwambao wa Tanganyika ni mojawapo ya makazi yake.

Kwa hiyo kura na maradhi kukutana siku moja si ajali ya mwaka mmoja. Ni hali tunayopaswa kuitarajia, kama mvuvi anavyotarajia upepo: hajui siku utakayovuma, lakini hatoki mwaloni bila kuiangalia kamba yake.

Kura inapoondolewa kwa sababu ya ugonjwa

Wapo wanaodhani kwamba suluhisho jepesi ni kuwazuia watu wa eneo lenye ugonjwa wasipige kura mpaka ugonjwa uishe. Majirani zetu wa Kongo walilijaribu jambo hilo, na yaliyofuata yanatufaa kuyajua.

Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 26 Desemba, siku nne tu kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi ya Kongo ilitangaza kwamba upigaji kura katika Beni na Butembo umeahirishwa mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya utovu wa usalama. Nchi nyingine ilipiga kura tarehe 30 Desemba, na rais mpya akaapishwa tarehe 24 Januari 2019. Watu wa Beni na Butembo walipoitwa hatimaye, rais alikuwa ameshakaa ofisini.

Kesho yake baada ya tangazo la kuahirisha, waandamanaji wenye hasira walikivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo walikimbia, wakarudi mitaani. Hapo ndipo penye somo. Hatua iliyotolewa kwa jina la afya iliwafanya watu waione afya yenyewe kama chombo cha kuwanyima haki, na hasira yao ikawaangukia wauguzi. Mlipuko ule uliendelea mpaka Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Sababu za urefu wake zilikuwa nyingi, lakini waliopambana nao walisema daima kwamba kukosa imani ya wananchi kulikuwa miongoni mwa adui zao wakubwa.

Kuna jambo jingine la Beni ambalo halitajwi sana. Tarehe 30 Desemba, wakazi wa mji huo walijiandalia uchaguzi wao wenyewe usio rasmi, ili kuonyesha kwamba inawezekana. Maelfu walijipanga mstari, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono. Kura zile hazikuhesabiwa popote, ila ujumbe ulisomeka: mwananchi aliyeaminiwa hufuata masharti ya afya kwa hiari yake.

Walioifungua njia

Zipo nchi ambazo ziliuacha mlango wazi na kuupangia utaratibu. Liberia, ikiwa katikati ya Ebola, iliahirisha uchaguzi wa maseneta kutoka Oktoba 2014, kisha ikaufanya tarehe 20 Desemba mwaka huohuo. Wapiga kura walipimwa joto la mwili, walinawa mikono, na walisimama kwa kuachana nafasi. Hata hivyo, ni takriban robo tu ya walioandikishwa waliojitokeza. Tunajifunza kwamba ndoo na kipimajoto havitoshi: mtu asiyejua kwamba atalindwa hubaki nyumbani.

Korea Kusini ilipiga kura ya bunge tarehe 15 Aprili 2020, katika miezi ya kwanza ya KOVIDI-19. Kila mpiga kura alipimwa joto mlangoni, akapewa dawa ya kusafisha mikono na glavu. Aliyekutwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi hakurudishwa: alipelekwa katika kibanda cha pekee, akapigia kura huko, na kibanda kikasafishwa. Waliokuwa wamejitenga nyumbani waliruhusiwa kutoka jioni na kupiga kura baada ya wengine kumaliza. Waliojitokeza walifikia asilimia 66.2, kiwango ambacho nchi hiyo haikuwa imekiona katika kura ya bunge tangu mwaka 1992.

Mtu atasema kwamba Korea ni tajiri na sisi si matajiri. Ni kweli. Lakini tuliangalie kwa makini lile lililomsaidia mgonjwa wa Korea: chumba cha kando, saa ya kando, na askari aliyejua la kufanya. Kiti chini ya mwembe kilitimiza kazi ileile.

Kila ugonjwa na njia yake

Kosa linalofanywa mara nyingi ni kuyatendea maradhi yote kwa namna moja. Ndoo ya maji si jibu la kila kitu, wala barakoa. Ili kituo kipangwe vyema, lazima tujue ugonjwa uliopo unapita njia gani.

KOVIDI-19 na maradhi mengine ya mapafu hupita hewani, hasa ndani ya chumba kilichofungwa. Dawa yake kituoni ni hewa na nafasi: madirisha ya darasa yafunguliwe yote, watu wasubiri nje, na chumbani waingie wachache. Barakoa husaidia. Wakati wa kuhakikisha sura, mpiga kura huishusha kwa sekunde chache akiwa amesimama hatua mbili kutoka mezani, kisha huirudisha. Kwa mama au dada aliyejifunika uso, ni adabu na ni busara kazi hiyo ifanywe na mwanamke mwenzake. Hapa Rumonge, penye Waislamu wengi, jambo hili lipangwe kabla ya siku yenyewe.

Kipindupindu hakipiti hewani. Hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha mgonjwa, na dalili zake huweza kuanza katika saa chache au mpaka siku tano. Kumkimbia jirani katika mstari hakukukingi na kipindupindu. Kinachokukinga ni maji safi, sabuni na choo. Kwa hiyo choo cha shule itakayotumika kama kituo kikaguliwe siku kadhaa kabla, kiwe na maji na sabuni. Pipa la maji lisijazwe moja kwa moja kutoka ziwani: maji ya Tanganyika yanaonekana meupe, lakini macho hayapimi vijidudu. Yatiwe klorini kwa kipimo cha mhudumu wa afya. Wachuuzi wa maji ya vifuko, sambusa na matunda waelekezwe mahali pao, mbali na vyoo. Na mtu aliyeshikwa na kuhara kwa ghafla akiwa katika mstari, jambo la kwanza ni kumpa maji ya chumvichumvi na kumfikisha hospitalini: kipindupindu kisichotibiwa huua haraka, kikitibiwa mapema karibu wote hupona.

Mpox hupita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vidonda, na kwa vitu vya mgonjwa kama nguo na matandiko. Hatari ya kituoni ni msukumano, kushikana mikono, na vitu vinavyopita mkono kwa mkono. Mwenye vipele avifunike kwa nguo za mikono mirefu au kitambaa safi, avae barakoa, ajitambulishe kwa askari wa mlangoni, na apewe njia ya pekee. Kalamu zifutwe mara kwa mara. Hata wino wa kidole unaweza kupakwa kwa kijiti cha pamba kwa kila mtu, badala ya vidole vyote kuzamishwa katika chupa moja. Uamuzi huo ni wa Tume ya Uchaguzi, CENI, lakini mwananchi ana haki ya kuupendekeza mapema kwa ofisi za tume hiyo za komini.

Hesabu ya mstari

Lipo jambo moja ambalo watu hawalifikirii: utaratibu wa afya uliopangwa vibaya unaweza kuwanyima watu kura bila yeyote kukusudia. Tufanye hesabu.

Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 10 alasiri. Hizo ni saa 10, yaani dakika 600. Tuchukue mfano wa kituo chenye wapiga kura 500. Ili wote wapite, kila mmoja ana dakika 1 na sekunde 12. Sasa tuweke ndoo moja mlangoni, na tuseme kupimwa joto na kunawa kunamchukua kila mtu dakika 1 na nusu. Mpaka saa 10 alasiri watakuwa wamepita 400. Watu 100 watakuwa wangali nje, nao si kwa sababu walichelewa, bali kwa sababu ya ndoo moja. Tukiweka ndoo mbili sambamba, tatizo limekwisha. Ndoo na kipande cha sabuni vina gharama ndogo kuliko ghasia za watu 100 wanaoona jua linakuchwa hawajapiga kura.

Na nafasi ya mita moja kati ya mtu na mtu ina hesabu yake pia. Watu 200 wakisimama hivyo, mstari ni wa mita 200; utatoka nje ya uwanja na kuingia barabarani, penye magari na pikipiki za Barabara ya Taifa namba 3. Ndiyo maana mstari hukunjwa uwanjani kama nyoka, kwa alama za chokaa zilizopigwa jana yake. Kazi hiyo vijana wa mtaa wanaweza kuifanya pamoja nasi kwa saa moja.

Mwambao nao una saa zake. Mvuvi wa ndagala hufanya kazi usiku kwa taa, hurudi mwaloni alfajiri, na huhitaji kuuza kabla jua halijakuwa kali. Mama anayeanika ndagala hawezi kuziacha. Matokeo yake, wa Rumonge, wa Minago na wa Nyanza-Lac wanaweza kuwasili vituoni kwa pamoja, katikati ya asubuhi, na hapo ndipo mstari unapofurika. Ushauri wetu ni huu: wazee, wajawazito na wenye ulemavu wafike asubuhi na mapema na watangulizwe, watu wa mwaloni wakubaliane kwenda kwa makundi, nusu asubuhi na nusu adhuhuri. Aliyekwisha kuwa katika mstari wakati wa kufunga hafukuzwi, kwa hiyo hakuna haja ya kusukumana saa 9 alasiri.

Polisi hufanya nini, na hafanyi nini

Katiba yetu ya mwaka 2018 inasema kura ni ya wote, sawa, ya siri, huru na ya uwazi. Polisi ya Taifa imewekwa kuyalinda maneno hayo, si kuyapunguza. Kwa lugha nyepesi, wakati wa maradhi ya mlipuko kazi ya askari ina mipaka ifuatayo.

Askari hulinda mstari ulio nje: nafasi baina ya watu, njia ya wagonjwa, ndoo zisiibwe, wachuuzi wakae mahali pao. Ndani ya chumba, mwenye mamlaka ya utaratibu ni mwenyekiti wa kituo, na askari huingia akiitwa naye.

Askari si daktari. Hatamki kwamba mtu fulani "ana ugonjwa". Akimwona mtu ana dalili, humwambia kwa faragha na kwa heshima, "Mama yangu," au "Mzee wangu, pita huku, upate kiti, utatangulizwa," kisha humwita mhudumu wa afya. Kumtangaza mgonjwa mbele ya umati ni kumvunjia heshima, na ni kuwafundisha wagonjwa wengine wajifiche. Anayejificha ndiye anayeambukiza zaidi.

Askari hamrudishi mpiga kura nyumbani kwa sababu ya kikohozi, homa au vipele. Humpa njia nyingine. Mtu akiwa mgonjwa kiasi cha kuhitaji matibabu ya haraka, uhai wake hutangulia kura. Hapo hupelekwa hospitalini, na kituo hujulishwa ili akirudi mapema asianze mstari upya.

Askari hatumii masharti ya afya kuchagua nani akusanyike na nani asikusanyike. Masharti yakiwabana wafuasi wa chama kimoja na kuwaachilia wa chama kingine, hayo si masharti ya afya tena. Mwezi Novemba 2020, nchini Uganda, mgombea mmoja wa urais, Robert Kyagulanyi, alikamatwa akidaiwa kuvunja kanuni za KOVIDI-19 katika kampeni. Ghasia zilizofuata zilichukua siku chache tu, na watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu wenzetu, kwani sisi nasi tuna ya kwetu ya kujifunza. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kanuni iliyowekwa kuokoa watu inaweza kuwagharimu watu wengi katika siku chache kuliko ugonjwa wenyewe, ikiwa haiaminiki kuwa ya haki kwa wote.

Wajibu wa mwananchi

Haki hii ina upande wa pili. Mwenye dalili asizifiche: akiwaeleza mhudumu wa afya wa karibu siku moja au mbili kabla, atapangiwa namna. Mgonjwa aliyelazwa, na anayemuuguza, waulize mapema ofisi ya CENI katika komini kuhusu kura kwa uwakilishi, yaani kumpa mtu unayemwamini idhini ya kukupigia. Sheria ina masharti yake kuhusu idhini hiyo, na ofisi hiyo ndiyo yenye kuyaeleza. Tunawaonya tu kwamba idhini haitolewi kwa kulazimishwa wala haiuzwi. Mtu akikusanya kadi za wagonjwa au za wazee akidai "atawasaidia", toeni taarifa polisi, hata kama ni jirani, hata kama ana cheo.

Pili, tuziogope tetesi kama tunavyouogopa ugonjwa. Usiku wa kuamkia kura, ujumbe mmoja wa simu unaosema "kituo cha kolini fulani kina wagonjwa wa mpox" unaweza kuwabakisha nyumbani watu mia tatu. Kabla ya kuutuma kwa mwingine, uliza: nani aliyesema, na mhudumu wa afya anasemaje? Nasi kwa upande wetu tunajua kwamba tetesi hustawi mahali ambapo serikali imekaa kimya. Kukiwa na ugonjwa, usemwe wazi, na useme wapi na nini kimefanywa.

Tatu, tusimnyanyapae aliyekwisha kupona. Aliyeugua kipindupindu akatibiwa, au aliyepona mpox na magamba ya vidonda yake kuanguka na ngozi mpya kuota, ni raia kama wengine katika mstari.

Kabla ya mwaka 2027

Sasa Rumonge imo katika mkoa mpya wa Burunga, na komini zetu ni pana kuliko zamani. Upana huo maana yake ni kwamba baadhi ya watu watatembea mbali zaidi kufikia ofisi, na maandalizi yanahitaji muda zaidi. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika kila kolini ya mwambao, mkutano wa usalama ujao uwakutanishe watu wanne mezani: askari wa kituo, mhudumu wa afya, mwakilishi wa ofisi ya uchaguzi ya komini, na mwakilishi wa wavuvi na wauza samaki. Wajibu maswali matano tu. Maji ya kituo yatatoka wapi, na nani atayatia dawa? Ndoo ni ngapi kwa kila mlango? Mstari utakunjwa wapi? Kiti cha mgonjwa kitakuwa wapi? Na nani ataitwa mtu akizidiwa?

Maswali hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kuulizwa kabla ya siku, si siku yenyewe, mbele ya umati, kama alivyoulizwa yule askari mchanga. Yeye sasa si mchanga tena. Katika uchaguzi wa Juni 2025 alikuwa akisimamia wenzake katika kituo kingine cha mwambao. Wenzake walinisimulia kwamba jambo la kwanza alilolifanya alfajiri ile, kabla hata ya mstari kuanza, lilikuwa kutafuta kiti na kukiweka kivulini.

Nasi tunawaomba, ndugu wananchi, mtusaidie kukiweka kiti hicho katika kila kituo. Tahadhari kabla ya hatari.